Maswali Yenu: Kanada imelala kwa sababu jirani yuko macho?

Swali: Shikamoo mwalimu. Mimi naishi Edmonton, huu mwaka wa tisa, nafanya kazi ghalani na kuna mzee mmoja tunaingia naye shifti, mzaliwa wa hapa, mtu mzuri sana. Juzi tumekaa mapumziko tunaongea mambo ya dunia, vita ya Ukraine na nini, nikamuuliza hivi nyie mkivamiwa mtafanyaje manake nchi yenu haina mwisho na jeshi lenu dogo, akanijibu kwa utulivu kabisa kwamba hakuna wa kutuvamia sisi, Mmarekani hatakubali. Nikamwambia na kama huyo Mmarekani mwenyewe ndo anasema mnafaa kuwa jimbo lake la 51? Mzee akanyamaza, hajanijibu mpaka leo. Sasa nauliza, ni kweli Marekani itailinda hii nchi hata wenyewe wakilala? Na walianza lini kulala?
Msomaji, Edmonton

Jibu: Marahaba mwanangu, na huyo mzee msalimie. Hajakudanganya, ila kakupa nusu ya habari, na ile nusu nyingine ndo yenye shida.

Nianze na lini. Mwaka 1924 kule Geneva, kwenye Shirikisho la Mataifa, seneta mmoja wa Kanada anaitwa Raoul Dandurand alisimama akasema nchi yake ni kama nyumba isiyoshika moto, na iko mbali na vitu vinavyowaka. Ukiangalia ramani unamwelewa kabisa, huku bahari ya Atlantiki, huku Pasifiki, juu barafu tupu, chini jirani ambaye mara ya mwisho wamepigana naye ni ile vita ya 1812. Basi miaka 15 tu baadaye moto ukawaka Ulaya na hiyo nyumba isiyoshika moto ikawa vitani, nchi ya watu kama milioni 11 ikaingiza jeshini zaidi ya milioni moja, na zaidi ya 45,000 hawakurudi. Kwa hiyo tusije tukawasema Wakanada kwamba ni waoga au hawajui vita, hapana, Afghanistan juzi tu hapa wamezika wanajeshi 158. Hawa ni watu wanaojua kupigana nje, kuangalia nyumba yao wenyewe ndo wamebweteka.

Ile imani ya mzee wako ina tarehe yake. Agosti 18, 1938, Rais Roosevelt alikuja Kingston, Ontario, akasema mbele ya watu kwamba Marekani haitakaa imekunja mikono kama himaya nyingine ikitishia ardhi ya Kanada. Watu wakashangilia sana, na hiyo sentensi ndo imekaa kichwani mwa Wakanada mpaka leo, imerithishwa baba kwa mwana. Lakini siku mbili baadaye Waziri Mkuu wao Mackenzie King alijibu, na jibu lake nadhani halifundishwi inavyostahili, alisema na sisi tuna wajibu wetu, kuhakikisha adui hapiti kwenye ardhi yetu wala anga yetu wala maji yetu kwenda kumpiga Mmarekani. Yaani makubaliano yalikuwa na pande mbili toka siku ya kwanza, wewe unanilinda na mimi nafunga mlango wangu usije ukapigwa kupitia kwangu. Huo upande wa pili ndo uliosahaulika.

Na King alikuwa na sababu ya kusema vile, alijua mlango usipoufunga wewe atakuja kuufunga mwenzio. Hili unaweza kuliona hapo hapo mjini kwako. Mwaka 1942, baada ya Wajapani kupiga Pearl Harbor, Marekani iliogopa Alaska itachukuliwa, wakaamua kuchonga barabara kutoka Dawson Creek kule British Columbia mpaka Alaska, kama kilomita 2,400 kwenye msitu na matope, wakaingiza askari zaidi ya 10,000, wengi tu wakiwa Wamarekani weusi, na barabara ikapitika ndani ya mwaka ule ule. Edmonton ndo ilikuwa kituo chao kikubwa, mji ukajaa Wamarekani na ofisi zao na ndege zao. Hakuna aliyevamia, walikaribishwa, walikuwa marafiki, ila Ottawa ikaanza kukosa usingizi manake kaskazini yote kule serikali haikuwa na mtu wa kuangalia nini kinaendelea, mpaka 1943 ikabidi wateue kamishna maalum akae Edmonton kufuatilia. Na kabla vita haijaisha Kanada ikalipa pesa zake kununua vile viwanja vya ndege vilivyojengwa na Wamarekani kwenye ardhi ya Kanada, ili kesho mtu asije akasema hiki changu nilijenga mimi.

Hapo King na wenzake walikuwa macho. Walielewa kwamba jirani mwenye nguvu anapokuja kukulinda anakuja kujilinda yeye kupitia kwako, sio kwa ubaya, ni hesabu tu, ndege ya Urusi ikitaka kwenda Chicago njia fupi inapita juu ya Kanada. Wasomi wa mambo ya ulinzi wanasema nchi ndogo jirani na kubwa lazima ijilinde dhidi ya msaada, yaani ijitosheleze vya kutosha mkubwa asipate kisababu cha kuingia kusaidia bila kuombwa. Mimi nilivyokutana na hilo wazo mara ya kwanza nilikaa nalo siku nzima, nikaona ni kweli kabisa.

Halafu ikaja NORAD. Ilianza kazi 1957, mkataba ukasainiwa Mei 1958, makao makuu Colorado, kazi yake kulinda anga la nchi zote mbili kwa pamoja, mkuu wake siku zote Mmarekani na msaidizi wake Mkanada. Ni kitu cha maana sana, sio kuombaomba, ile Septemba 11, 2001 ndege zinagonga majengo New York, aliyekuwa anasimamia zamu ndani ya mlima Cheyenne, kituo cha NORAD kule Colorado, alikuwa jenerali wa Kanada. Kwa hiyo mzee wako akisema tuko pamoja na Mmarekani yuko sahihi.

Ila sikiliza na hii. Mwaka 2005 Marekani iliialika Kanada kwenye mfumo wake wa kudungua makombora ya masafa marefu, serikali ya Waziri Mkuu Paul Martin ikakataa, ikaonekana ushujaa, wananchi wengi wakafurahi. Matokeo yake ni kwamba Wakanada walioko kule Colorado wanasaidia kuliona kombora linakuja, lakini ikifika kwenye kuamua lipigwe au lisipigwe hawamo. Septemba 2017 jenerali wa Kanada aliyekuwa msaidizi wa mkuu wa NORAD, Pierre St-Amand, aliitwa mbele ya kamati ya bunge Ottawa akawaambia wazi kwamba sera ya Marekani iliyopo sio kuilinda Kanada na kombora la namna hiyo. Hakusema wataiacha ipigwe, alisema hawana wajibu huo kwenye karatasi. Korea Kaskazini ilikuwa inafyatua makombora karibu kila mwezi kipindi kile! Nchi nyingine ingesimama kwa habari kama hiyo, pale iliongelewa siku chache ikapita. Mwambie mzee wako habari hii polepole, usimshtue, lakini mwambie.

Mwanzoni mwa 2023 tena, mnakumbuka lile puto la China, liliingia Alaska likakatiza anga la Kanada kabla ya kuonekana na watu kule Montana. Wiki moja baada ya kudunguliwa likaonekana dude lingine juu ya Yukon, Waziri Mkuu wa wakati ule Trudeau akatoa amri lidunguliwe, ndege za nchi zote mbili zikarushwa, na iliyofyatua ni F-22 ya Marekani. Utaratibu ulifuatwa, sina shida nao, NORAD ndo inavyofanya kazi. Ila mimi kinachoniuma ni macho, sio risasi. Zile rada za kaskazini zilizopo zilikamilika mwanzoni mwa miaka ya 90, zilitengenezwa kuona ndege za enzi za Usovieti, na miaka 30 hakuna aliyeona haraka ya kuzibadilisha. Ukiwa huna macho kwenye nyumba yako utaambiwa na jirani nani ameingia, na utalazimika kumwamini.

Na vifaa jamani. Mwaka 1993 serikali mpya ilifuta oda ya helikopta za jeshi la majini, kuvunja mkataba tu kukala karibu dola milioni 500 za Kanada, halafu zile Sea King za zamani zilizoanza kazi 1963 zikaendelea kuruka mpaka 2018, hesabu mwenyewe ni miaka 55, rubani anarusha chombo ambacho labda babu yake alikirusha. Ndege za kivita za CF-18 ni za 1982, walisema 2010 watanunua F-35, wakasitisha, wakabishana, wakaenda kununua zilizotumika kutoka Australia kujazia pengo, mwishowe Januari 2023 wakarudi kule kule kwenye F-35, 88. Miaka 13 imepotea kwenye mabishano. Nchi inayohisi hatari haiwezi kufanya hivo, ila ukijua kuna mtu yuko macho kwa niaba yako unaona kila kitu kinaweza kusubiri uchaguzi ujao.

Kwa hiyo jibu langu, Marekani ingekuja, naamini hivyo, lakini ingekuja kwa saa yake na kwa masharti yake na kwa sababu zake. Kwa nchi huru hiyo haitoshi. Kuhusu jimbo la 51, nadhani ule ukimya wa mzee wako ni kitu kizuri, mwache aufikirie, usimcheke.

Swali: Mwalimu habari za kazi. Mimi ni nesi Toronto. Wagonjwa wanalala kwenye korido, tunafanya kazi hadi miguu inavimba, halafu nasikia serikali inaongeza mabilioni kwenye jeshi, mara asilimia 2 mara asilimia 5. Hivi huyo adui yuko wapi? Naona kama tunamfurahisha Trump tu. Naomba unieleweshe kama nimekosea.
Dada yenu, Toronto

Jibu: Dada yangu pole na kazi, na kwanza hujakosea kuuliza, nesi aliyesimama saa 12 ana haki ya kuuliza kila senti inaenda wapi.

Twende kwenye hesabu kidogo. Miaka ya 50 mwanzoni, vita ya Korea, Kanada ilikuwa inatumia zaidi ya asilimia 7 ya pato la taifa kwenye ulinzi. Ilishuka shuka mpaka 2014 ikawa kama asilimia 1, na mwaka ule ule NATO, umoja wa kujihami ambao Kanada na Marekani zimo, walikutana Wales wakakubaliana kila mmoja asogee kufikia 2, Kanada ikasaini na yenyewe, halafu miaka kumi ikapita haijafika. Juni 2025 Waziri Mkuu Mark Carney akatangaza watafika ndani ya mwaka huo wa bajeti kwa kuongeza zaidi ya dola bilioni 9 za Kanada, na mwezi huo huo kule The Hague NATO ikaweka lengo jipya la asilimia 5 ifikapo 2035, 3.5 ya jeshi lenyewe na 1.5 ya vitu vinavyohusiana kama bandari, barabara, mitandao.

Sasa unaposema tunamfurahisha Trump, nakuelewa, alisukuma kweli na lugha yake ilikuwa ya kudhalilisha, alisema Kanada ikitaka kuingia kwenye ule mfumo wake mpya wa kuzuia makombora ilipe dola bilioni 61 au ikubali kuwa jimbo iupate bure. Rafiki haongei hivyo. Lakini angalia, kabla yake Obama aliwahi kulisemea hili hili ndani ya bunge la Ottawa mwaka 2016, kwa upole, kwamba NATO inaihitaji Kanada zaidi, wakampigia makofi na hakuna kilichobadilika. Aliyesema kwa heshima hakusikilizwa. Mimi hilo linaniuma kuliko maneno ya Trump, manake deni lilikuwa la Kanada yenyewe, ilisaini yenyewe.

Na adui, mimi sikwambii kuna jeshi linakuja Toronto. Nenda kaskazini. Yale maeneo matatu ya juu, Yukon, Northwest Territories na Nunavut, ni kama asilimia 40 ya nchi nzima na wakazi wake hawafiki laki moja na nusu. Nunavut haina barabara hata moja inayoiunganisha na Kanada nyingine, mji na mji ni ndege, au meli barafu ikiyeyuka. Barafu yenyewe inapungua, meli zinaongezeka, Urusi ina meli za kuvunja barafu za nyuklia na Kanada haina hata moja ya namna hiyo. Ulinzi wa kila siku kule unategemea Rangers, askari wa akiba wa sehemu za mbali, kama 5,000 nchi nzima, wengi wao Wainuit na wenyeji wengine, watu wanaojua theluji kuliko mtu yeyote, na mpaka miaka michache iliyopita walikuwa wanabeba bunduki za Lee-Enfield, muundo wa enzi za vita kuu. Mwaka 2007 serikali ilitangaza bandari ya jeshi la majini Nanisivik, ikapunguzwa ukubwa, ikachelewa, mwaka hadi mwaka. Mwaka 2025 Carney alienda Iqaluit akatangaza rada mpya ya masafa marefu pamoja na Australia, dola bilioni 6 za Kanada. Mimi hii ndo pesa naipenda kuliko zote, manake inarudisha macho.

Usichoke nikikwambia hivi dada, uwanja wa ndege ukitengenezwa vizuri Nunavut, kwanza anayefaidika ni mama mjamzito anayesafirishwa kwenda kujifungulia kusini. Ulinzi wa kaskazini na hospitali haviko mbali kama vinavyoonekana ukiwa Toronto. Ila uko sahihi kwenye hili, asilimia peke yake sio ulinzi, unaweza kufika 2 kwa kuhamisha mahesabu tu kutoka fungu moja kwenda lingine na jeshi likabaki vile vile halina watu. Kwa hiyo mbunge wako akija kuomba kura usimuulize asilimia ngapi, muulize rada zimefika wapi na askari wangapi wamepungua, na hapo hapo muulize na korido zenu.

Swali: Mwalimu, kuna mtu kaniambia Kanada na Marekani ziliwahi kuandika mipango ya kupigana zenyewe kwa zenyewe. Ni kweli au porojo?
Msomaji, Ottawa

Jibu: Kweli kabisa. Mwaka 1921 kanali mmoja wa Kanada aliandika mpango wa kuwahi kuingia Marekani na kuwachelewesha mpaka Uingereza ifike kusaidia, na Wamarekani nao 1930 wakawa na wa kwao wa kupigana na Uingereza, ambapo Kanada ndo ingekuwa uwanja wa vita. Wa Kanada ukafutwa mwishoni mwa miaka ya 20, wa Marekani ukaja kuwekwa hadharani 1974. Majeshi yanaandika mipango ya kila namna, usikose usingizi kwa hilo.

Ugomvi wa kweli kati yao ni wa maji. Ile njia ya bahari ya kaskazini magharibi, Kanada inasema ni maji yake ya ndani, Marekani inasema ni njia ya kimataifa, kila mtu apite. Mwaka 1969 meli ya mafuta ya Marekani ilipita, Manhattan, mwaka uliofuata Kanada ikatunga sheria ya kulinda maji hayo na uchafuzi. Mwaka 1985 meli ya walinzi wa pwani wa Marekani, Polar Sea, ikapita tena bila kuomba ruhusa, watu wakakasirika sana, 1988 ndo wakaelewana kwamba meli za kuvunja barafu za Marekani zitaomba ridhaa, ila kila mmoja akabaki na msimamo wake. Unaona hapo, rafiki wa damu, na bado anapita kwako bila hodi. Maji ni yako kweli kama una meli ya kuyazungukia, na nyambizi nne walizonunua kwa Waingereza 1998 haziwezi hata kukaa chini ya barafu muda mrefu. Sasa wanataka hadi 12 mpya. Nawaombea safari hii wasibishane miaka 13.

Swali: Shikamoo mwalimu, mimi ni mama hapa Calgary. Kijana wangu ana miaka 19, tuna ukaazi wa kudumu, uraia bado. Toka haya maneno ya jimbo la 51 yaanze anasema anataka kuingia jeshi la Kanada. Baba yake kakataa, anasema hii sio vita yetu na hata hivyo hawachukui wageni. Mimi sijui nisimamie wapi.
Mama K, Calgary

Jibu: Marahaba mama. La wageni ni rahisi, baba anakumbuka utaratibu wa zamani, toka mwishoni mwa 2022 wenye ukaazi wa kudumu wanaruhusiwa kuomba, na wanahitajika hasa, jeshi lina nafasi 71,500 za muda wote na kwa miaka limekuwa pungufu kwa maelfu, mpaka Agosti 2025 wakapandisha mshahara wa askari wa ngazi ya chini kabisa kwa asilimia 20. Ajue tu uchunguzi wa usalama kwa mtu aliyekulia nje unachukua miezi mingi, asikate tamaa katikati.

La kwamba sio vita yetu, hapo mimi na baba yake tunatofautiana, kwa heshima zote. Mmeishi hapo, watoto wamesoma hapo, kodi mnalipa. Wazawa wamezoea kuona ulinzi ni kazi ya mtu mwingine, na kijana wenu ambaye hajapata hata pasipoti ndo ameamka akasema yangu. Mimi nimesoma barua yako mara mbili kwa hilo.

Ila miaka 19 ni midogo na hasira ya maneno ya mwanasiasa hupoa. Kuna jeshi la akiba, anaingia huku anasoma au anafanya kazi, mazoezi jioni na baadhi ya wikiendi, Calgary vikosi hivyo vipo. Mwambie aanzie huko. Na siku ya kwenda kuuliza, ningeomba baba yake ndo amsindikize, akae naye pale, amsikilize yule ofisa na aulize maswali yake yote mwenyewe.